Mfupa Si Mswaki

Wiki hii ni mara ya nne. Juzi mzee mmoja wa Ngamiani kanishushia mbwa wake kutoka kwenye bajaji, uvimbe chini ya jicho la kushoto, usaha unachuruzika. "Daktari, huyu kapigwa jiwe." Nikainua mdomo: gego kubwa la juu limebanduka ubavu mzima, kiini kiko nje. Anakula nini? Mzee akajibu kwa fahari: "Kila siku napita buchani namchukulia mifupa ya miguu ya ng'ombe. Inamsafisha meno."

Haya. Gego lile lina mizizi mitatu, na ncha zake zinaishia chini ya jicho. Likipasuka, bakteria wanapenya kwenye kiini mpaka kwenye mizizi, usaha unatafuta pa kutokea, unatokea shavuni. Ukimchoma antibayotiki uvimbe utanywea, kisha utarudi. Jino ling'olewe tu. Namlaza kwa nusu kaputi, nalikata vipande vitatu, kila mzizi unatoka kivyake.

Sasa hilo la kusafisha. Kweli, mfupa unakwangua ugaga, sikatai. Ndiyo maana imani hii haifi: mtu anafunua mdomo, anaona chonge nyeupe, anafunga, kamaliza ukaguzi. Lakini ugonjwa wa fizi hauko kwenye weupe wa jino. Uko chini ya ufizi, kwenye kijifuko kati ya nyama na mzizi, ambako mfupa haufiki hata mbwa atafune ng'ombe mzima. Utando laini unajikusanya kila siku, baada ya siku chache unaganda kuwa ugaga, bakteria wanazama chini, mfupa wa taya unalika kimyakimya. Nimeshang'oa kwa vidole magego meupe pee! Halafu enameli ya mbwa haifiki hata milimita moja, ya kwetu ni nene zaidi. Kipimo changu ni ukucha wa dole gumba: bonyeza kitu unachompa, kisipobonyea hata kidogo, kitamvunja jino. Mfupa uliopikwa ndio mbaya zaidi, unachanika vipande vyenye ncha kama sindano.

"Mbona fisi hana mswaki?" Fisi kaumbiwa kuvunja mifupa, na hata yeye akizeeka meno yamesagika na mengine yamevunjika. Hakuna anayempeleka kliniki, basi tunadhani haumwi.

Mswaki laini wa mtoto unatosha, kila siku ukiweza, sehemu za nje tu. Dawa ya meno yako baki nayo: mbwa hasukutui, anameza, na zile zenye zailitoli, kile kitia utamu, zinaweza kumuua.

Paka nao wana balaa lao. Wengine meno yanalika yenyewe kuanzia shingoni, pale jino linapokutana na ufizi, na sababu bado haijulikani vizuri. Paka anayesogelea dagaa, ananusa, kisha anarudi nyuma huku udenda unamtoka, hachagui chakula, anaumwa. Usimpe panadol! Kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Na mimi nina yangu ya kukiri. Eksirei ya meno sina, kwa hiyo mizizi naipapasa kwa uzoefu, na kuna siku nimemaliza kushona huku sina hakika kama hakuna kipande nilichokiacha. Paka wenye fizi nyekundu kinywa kizima, tiba ambayo mara nyingi inasaidia ni kung'oa magego yote. Wengi wanapona, wengine hawaponi, na kabla sijaanza siwezi kukwambia wako ataangukia wapi. Mbwa mlinzi anayewang'ata hata wenyewe, nikikwambia umpige mswaki kila siku najua nakupigia porojo.

Yule mzee alisubiri mbwa mpaka akazinduka. Akaomba vile vipande vya jino, akavifunga kwenye karatasi. Anataka kwenda kumwonyesha muuza nyama.