"Siku yake ilifika" si fundisho la Kalvini, wala la ungamo lolote la kanisa

Dereva alikuwa amelewa, breki zilikuwa mbovu, abiria wamejazwa hadi mlangoni, basi limetumbukia korongoni. Maiti hazijatambuliwa zote, tayari mtu ameshika kipaza sauti: "Ahadi yao ilikuwa imefika. Kazi ya Mungu haina makosa." Mfiwa akisema hivyo sina neno naye, ana haki ya kushika lolote linalomsimamisha. Ninayemwandikia ni yule anayefuata baada yake, aliyesoma kidogo, anayetangaza kwamba hilo ndilo fundisho la kuchaguliwa tangu asili, kwamba Kalvini, yule mwanamageuzi wa kanisa wa karne ya 16, alisema kila kitu kimepangwa, basi tusimlaumu mtu. Nafundisha mafundisho ya imani, na maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno. Hakuna ungamo, yaani tamko rasmi la imani la kanisa, linaloyasema.

Tuanze na kilicho chepesi. Kuchaguliwa tangu asili, kwa maana ya Waefeso 1 na Warumi 8, ni habari ya wokovu: Mungu amewachagua watu katika Kristo, wafananishwe na Mwana wake. Tarehe ya kufa haimo. Maongozi ya Mungu ni fundisho jingine, linalohusu jinsi anavyotawala vyote vinavyotokea, mvua na ukame, afya na ugonjwa. Majaliwa, yaani yale ya "litakalokuwa litakuwa, ufanye usifanye", ni kitu cha tatu, na hicho hakimo katika Biblia wala katika maungamo. Msibani watu hutamka la kwanza wakimaanisha la tatu.

Sasa twende kwenye lile linaloniudhi hasa. Ungamo la Westminster la 1646, ambalo Wapresbiteri wa Afrika Mashariki wamelirithi kutoka Scotland, linasema katika sura ya 3 kwamba Mungu tangu milele ameamuru yote yatokeayo. Watu hunukuu hapo na kufunga kitabu. Lakini sentensi haijaisha! Inaendelea: wala Mungu si mwasisi wa dhambi, wala hiari ya viumbe haitendewi jeuri, wala sababu za pili haziondolewi bali zinathibitishwa. Sababu ya kwanza ni Mungu. Sababu za pili ni breki, pombe, dawa, mkunga, mvua, uamuzi wa mwenye basi. Sura ya 5 inaongeza kwamba baadhi ya mambo hutokea kwa lazima ya maumbile, mengine kwa hiari ya watu, mengine kwa kutegemea masharti. Kwa hiyo, hata kwa wale wanaofundisha amri ya milele kwa ukali kuliko wote, kusema "Mungu aliamuru" hakujibu swali la "nani alilegeza nati za gurudumu". Yote mawili yana majibu, na la pili analijibu mkaguzi wa magari.

Someni Matendo 27 polepole, maana sura hiyo inaonyesha jambo hili kuliko vitabu vingi. Paulo yuko merikebuni katika dhoruba. Malaika amemwambia kwamba Mungu amempa watu wote wanaosafiri naye. Hakuna roho itakayopotea. Hiyo ni ahadi isiyo na "kama". Usiku wa 14 mabaharia wanahisi nchi iko karibu. Wanapima kina: pima 20, kisha pima 15. Wanatupa nanga 4 za tezi, upande wa nyuma. Halafu wanashusha mashua, wakijifanya wanakwenda kuweka nanga za omo, upande wa mbele, kumbe wanataka kutoroka. Paulo, aliyekwisha kupewa ahadi, anamwambia akida na askari: "Hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka." Askari wanakata kamba, mashua inaanguka.

Angalieni anachofanya. Hasemi, "Waacheni, Mungu ameshapanga." Hasemi pia kwamba ahadi imeingia mashakani. Anajua kwamba Mungu aliyeahidi mwisho ameweka na njia, na njia mojawapo ni mabaharia wanaojua kazi yao. Asubuhi anawahimiza wote wale chakula, kwa sababu watu wenye njaa hawatafika ufuoni. Wakiisha kula, wanatupa ngano baharini kupunguza uzito. Askari wanataka kuwaua wafungwa, akida anawazuia. Wanaojua kuogelea wanajitupa kwanza, wengine wanashika mbao na vipande vya merikebu. Watu 276 wanafika Melita salama. Ondoa kamba zilizokatwa, chakula, akida na mbao, na hiyo si ahadi ileile tena.

Vivyo hivyo Hezekia katika 2 Wafalme 20. Anaambiwa atakufa, anaomba, anaongezewa miaka 15, na anahakikishiwa kwamba siku ya tatu atapanda kwenda nyumbani mwa Bwana. Mstari unaofuata Isaya anaagiza mkate wa tini, unawekwa juu ya jipu. Miaka 15 imekwisha kutolewa, na bado mgonjwa anapakwa dawa. Anayeacha vidonge vyake kwa sababu ametabiriwa maisha marefu aeleze tini zile zilikuwa za nini.

Hoja ya "kama nimeandikiwa kupona nitapona, niite daktari nisimwite" ni ya zamani sana. Wagiriki waliiita hoja ya uvivu, na Origen wa Aleksandria, mwalimu wa kanisa la kale, aliijibu katika karne ya 3: kama kupona kumekusudiwa kupitia daktari, kumwita daktari kumo ndani ya kusudi hilo. Inasikitisha kwamba bado tunaichukua kuwa ndiyo imani yenyewe.

Mtaniletea Ayubu 14:5, kwamba siku za mtu zimeamriwa, na Zaburi 139:16. Nayakubali maandiko hayo bila kupunguza neno. Lakini hesabu hiyo anayo Mungu, hatukupewa sisi, na Kumbukumbu la Torati 29:29 inatenga mambo ya siri na yale yaliyofunuliwa ili tuyafanye. Lililofunuliwa ni "Usiue". Hapa ndipo ningependa kila mhubiri asimame. Katekisimu ya Heidelberg ya 1563, ya Wareformati (makanisa ya mapokeo ya Kalvini) hao hao mnaowasingizia, inafundisha katika swali la 27 kwamba vyote hutujia kutoka mkono wa Baba, kisha katika swali la 105, ikieleza amri hiyo, inakataza mtu kujiingiza hatarini ovyo. Katekisimu Kubwa ya Westminster, swali la 136, inahesabu miongoni mwa dhambi za amri ya sita kuacha njia halali na za lazima za kuhifadhi uhai. Mkanda usiofungwa, kofia ya bodaboda iliyoning'inizwa kwenye usukani, mama mwenye uchungu anayezuiwa nyumbani hadi jioni: kwa katekisimu hizo ni dhambi, na kusema "ilipangwa" hakuifuti.

Na Ayubu 1:21, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa"? Ni ungamo la aliyepoteza, juu ya msiba wake mwenyewe. Sura ileile imekwisha kutuonyesha Waseba wakichukua ng'ombe na Wakaldayo wakichukua ngamia, na watumishi wakiuawa kwa upanga. Ayubu hakuwasafisha Waseba. Neno la mfiwa likichukuliwa na mwenye basi kuwa utetezi wake, limeibwa. Petro anakwenda mbali zaidi katika Matendo 2:23: Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa, na ninyi mkamwua. Tukio lililokusudiwa kuliko yote, na bado wahusika wanaitwa watubu.

Kwa upande wa pili nitasema kwa haraka, maana nao wapo: wale wanaosema "basi mimi ni Mwarmini, Mungu ametuachia hiari yetu." Wafuasi wa Arminius, mwanateolojia wa Uholanzi aliyepingana na Wakalvini juu ya kuchaguliwa, walioandika vipengele vyao 5 mwaka 1610 walisema katika kipengele cha 3 kwamba mtu hana imani iokoayo kutoka kwake mwenyewe wala kwa nguvu ya hiari yake. Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, naye alitegemea neema inayotangulia, yaani inayomfikia mtu kabla hajaweza kumgeukia Mungu. Mnachokisema ninyi ni cha Pelagio, aliyefundisha kwamba mtu aweza kutenda mema kwa hiari yake bila kusaidiwa na neema, na kilihukumiwa na mtaguso wa kanisa huko Karthago mwaka 418. Walutheri nao wasijifiche nyuma ya Luther na fundisho lake kwamba hiari ya mtu imefungwa. Ungamo la Augsburg la 1530, kipengele cha 18, linasema mtu ana uhuru kiasi katika mambo yaliyo chini ya akili yake na katika haki ya kiraia, yaani mwenendo mwema wa nje mbele ya watu. Asichoweza bila Roho Mtakatifu ni kumcha na kumwamini Mungu. Kuweka chupa chini kabla ya kushika usukani kumo katika yale anayoyaweza.

Panapobaki pagumu nitapataja, kwa sababu vitabu vyetu vya kozi hupapita mbio. Tukisema "Mungu hakulitenda, aliliruhusu", tunadhani tumemaliza. Kalvini mwenyewe hakuridhika na neno hilo, maana anayeruhusu akiwa na uwezo wa kuzuia bado amekusudia kuruhusu. Anayekimbilia ujuzi wa Mungu wa mambo yajayo hajapona: alijua, na aliumba vilevile. Sababu za pili zinanieleza jinsi hiari inavyosimama chini ya amri. Hazinielezi kwa nini basi hili na si lile. Wadominiko na Wajesuiti, mashirika mawili ya watawa wa Kikatoliki, walibishana Roma juu ya neema na hiari kwa miaka, na mwaka 1607 Papa Paulo V aliwaruhusu wote waendelee na msimamo wao, wasihukumiane. Sina uhakika kwamba sisi tumefika mbali zaidi yao.

Kwa hiyo mhubiri ukiitwa kwenye msiba wa namna hii, uliza kwanza kilichotokea, na chanzo kikishathibitishwa, kisomwe kwenye wasifu kama kilivyo. Usiseme "Mungu amemchukua" kabla familia haijasema yenyewe. Waombee waliojeruhiwa, mwombee dereva kama yu hai, atubu na aseme kweli mbele ya mahakama. Wakikuuliza kama Mungu alijua, jibu ndiyo. Wakikuuliza kama basi lile lilipaswa kuruhusiwa barabarani, jibu hapana, kwa sauti ileile.