Upasuaji wa tezi dume haukuhasi

"Nikipasuliwa, si ndiyo basi tena kwa mke wangu?" Afadhali anayeuliza. Wapo wasiouliza: wanatoroka kliniki na mpira wa mkojo mfukoni, wanashinda kwa wauza mitishamba, kisha wanarudi miezi baadaye figo zimeanza kulemewa.

Wazee wangu, upasuaji upi? Kijiweni watu wanachanganya vitu vitatu. Tezi iliyovimba bila saratani huwa tunaikwangua kwa ndani, kifaa kikipita njia ya mkojo. Tunatoa nyama ya katikati inayobana mrija, sehemu ya nje inabaki. Saratani ambayo bado imo ndani ya tezi, mara nyingine tunaitoa tezi nzima. Saratani iliyosambaa, kuna wanaoondolewa korodani ili kuinyima homoni inayoilisha. Huyu wa tatu ndiye kweli hupoteza hamu na nguvu, na habari zake ndizo zinazozunguka mtaa mzima kana kwamba zinamhusu kila mwenye tezi.

Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume haikai ndani ya tezi. Imelala nje yake, nyuma, kulia na kushoto, myembamba na imeshikana na vimishipa vya damu. Madaktari wenyewe walichelewa kulijua hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 daktari wa upasuaji Patrick Walsh wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, na daktari mwenzake Pieter Donker wa Leiden, Uholanzi, waliifuatilia hadi wakaonyesha inapopita, na 1982 Walsh akatoa tezi nzima huku akiikwepa mishipa hiyo kwa makusudi. Kabla ya hapo karibu kila aliyetolewa tezi yote aliishiwa nguvu, kwa hiyo hofu ya babu zetu ilikuwa na msingi.

Hatari ipo bado, siifichi. Kwa anayekwanguliwa ni ndogo. Kwa anayetolewa tezi yote, nguvu hupotea kwanza hata mishipa ikiachwa salama, maana imevutwa na kuguswa. Zikirudi, hurudi polepole, hata kwa miaka miwili. Kisukari, umri na hali uliyokuwa nayo kabla vina usemi mkubwa. Saratani ikiwa imeifikia mishipa ya upande mmoja, tutaitoa na mishipa hiyo. Basi muulize daktari wako waziwazi: "Mishipa yangu itaachwa pande zote mbili?" Na vidonge vya sildenafili, vya kusimamisha uume, usijinunulie dukani; anayetumia dawa za moyo ziitwazo nitrati asiviguse kabisa.

"Sitoi kitu, nimekwisha." Hujaisha. Baada ya kukwanguliwa, mlango wa kibofu haufungi vizuri, manii hurudi kibofuni na kutoka na mkojo. Raha ipo palepale. Aliyetolewa tezi yote hatoi manii tena, lakini kileleni anafika. Kama bado unataka mtoto, sema kabla hatujakupasua.

"Nitavaa nepi maisha." Wengi huvuja mwanzoni, kisha hupungua, kwa sababu msuli wa kufunga mkojo uko chini ya tezi na huwa tunauacha. Ila ufanyishe kazi! Bana kama unayezuia ushuzi kwenye daladala iliyojaa, hesabu hadi tano, achia hadi tano. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Tumbo na makalio yasikaze. Anza wiki kadhaa kabla ya upasuaji, pumzika mpira ukiwa ndani, endelea ukitolewa. Nalisema hili mpaka wauguzi wananicheka, na bado kuna anayekuja kulalamika kuvuja wakati hajabana hata siku moja.

"Nikikwanguliwa, saratani siipati." Sehemu ya nje imebaki, na ndiko saratani nyingi za tezi huanzia. Kipimo cha PSA, kile cha damu cha kuichunguza tezi, kinaendelea.

"Ninywe maji kidogo nisikojoe sana." Mkojo mzito na damu iliyoganda ndivyo vinavyoziba njia. Kunywa, labda daktari awe amekuwekea kiwango kwa ajili ya moyo au figo. Kula papai na mboga ili usijikamue chooni, kwani wiki ya pili ndipo kidonda huachia magamba na damu ikarudi. Yakitoka mabonge na mkojo ukakataa, njoo hospitali usiku huohuo.