Kifafa cha mimba, jina linalofika kabla ya ugonjwa

Hiace ilikuwa haijajaa, kondakta anaita "Pasua, Pasua, wawili tu!" (Pasua ni kata ya hapa Moshi) na mimi nimebanwa dirishani na mfuko wa ndizi wa mtu nisiyemjua. Mbele yangu dada mmoja anamweleza mwenzake kwamba wifi yake amelazwa tangu jana, wamemkuta na kifafa cha mimba. Mwenzake akashika mdomo. "Wamempasua?" "Bado, ila watampasua tu. Mwenye kifafa hazai kawaida." Kiti cha nyuma kulikuwa na bibi ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, naye akadakia: "Huko kwao kuna kifafa?"

Makosa matatu, na gari bado halijatoka stendi. Nimefanya kazi ya ukunga miaka ya kutosha kuyasikia yote matatu mara kwa mara, na siku ile nilinyamaza, maana kumsahihisha mtu mzima mbele za abiria si adabu. Haya ndiyo ambayo ningesema.

Maana yenyewe ni fupi. Mjamzito aliyepita wiki 20 akipimwa presha ikasoma 140/90 au zaidi, na mkojo ukaonyesha protini, au vipimo vikaonyesha kwamba figo, ini au damu vimeanza kuyumba, hiyo ni prieklampsia, ambayo kliniki zetu huiita dalili za kifafa cha mimba. Presha ikipanda peke yake, bila hayo mengine, ni presha ya mimba tu. Kifafa cha mimba chenyewe, yaani eklampsia, ni pale mama anapodondoka, mwili mzima ukakakamaa na kutetemeka, meno yakauma ulimi, fahamu zikapotea. Wifi wa yule dada hakuwa amedondoka. Usiku wa jana yake alipiga simu kulalamikia uji wa hospitali kukosa sukari.

Kwa hiyo alikuwa na dalili za kifafa, lakini njiani kutoka wodini hadi stendi neno "dalili" lilidondoka, kikabaki kifafa.

Na kifafa si neno jepesi. Chimbuko lake nawaachia wanaisimu, ila sikio la Mswahili haliwezi kupita juu ya hiyo -fa-fa bila kusikia kufa. Tena kifafa kile cha ubongo kina mzigo wake wa siku nyingi: ndicho wazee huulizia kimyakimya wanapotumwa kuuchunguza ukoo kabla ya posa. Mtoto akianguka darasani wenzake hukimbia wasiguswe na povu, ingawa hakiambukizi. Jina lenye historia hiyo ndilo tulilomtwisha mjamzito ambaye jana alikuwa sokoni Mbuyuni ananunua nguo za mtoto.

Kinachonishangaza ni kwamba lugha ilikuwa na neno jingine. Mtoto mwenye malaria kali akikakamaa na kupindua macho, hatusemi ana kifafa, tunasema degedege. Waliotenganisha maneno hayo mawili waliona kitu cha kweli: kifafa hukaa na mtu kikaenda na kurudi, degedege huja na homa, na homa ikiisha nalo huondoka. Ulaya walifika hapo pia. Katika karne ya 18 daktari Mfaransa, Boissier de Sauvages, alitenga mishtuko ya muda mrefu, akaiachia jina la epilepsia, na ile inayozuka ghafla akaiita eklampsia, neno la Kigiriki lenye maana ya mwako au mng'aro wa ghafla. Jina limekaa vizuri, hata kama ni kwa bahati, kwa sababu akina mama wengi kabla ya kudondoka husema kichwa kinawapasuka na wanaona vimulimuli.

Kwa hesabu hiyo ugonjwa huu ni ndugu wa degedege. Ningekuwa kwenye kikao kilichoutafsiri ningepigania "degedege la mimba". Halafu nafikiri tena: degedege nalo lina dege lake, lile dude la usiku linalosemwa kupita juu ya nyumba, na hadi leo wapo wanaoamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Dawa kuu ya eklampsia ni sindano. Basi ningekuwa nimeondoa balaa moja nikaleta jingine.

Bibi wa kiti cha nyuma nitampa nusu ya haki yake. Mwanamke ambaye mama yake au dada yake alipata hali hii yuko kwenye hatari zaidi ya kuipata, sawa na mwenye mimba ya kwanza, ya mapacha, au mwenye kisukari na presha ya zamani. Kliniki ikijua mapema humpa vidonge vidogo vya aspirini. Lakini hiyo haina uhusiano na kifafa cha ukoo alichokuwa anakiulizia, na mtoto atakayezaliwa hatarithi kuanguka.

Tuje kwenye "Wamempasua?", ambalo ndilo linalonikera kuliko yote.

Chanzo cha ugonjwa ni kondo la nyuma. Tunalijua hilo kwa sababu hata mimba zabibu, ambayo mara nyingi haina mtoto kabisa ila kondo lililoharibika, inaweza kumletea mama presha hii hii. Ndiyo maana daktari husema "dawa yake ni kuzaa": kondo likishatoka, mwili unaanza kurudi. Ila kondo hutoka kwa njia zote mbili. Likipitia chini, ugonjwa unaisha sawasawa na likipitia tumboni.

Sisi wahudumu tuna lawama hapa. Daktari anasema "inabidi tumtoe mtoto", na kwa Kiswahili cha mtaani mtoto "akitolewa" ni kisu. Anayezaliwa kwa njia ya chini hatolewi na mtu, mama ndiye anayejifungua, anajifungulia mwenyewe mzigo uliofungwa. Daktari alimaanisha tusiisubirie mimba ifike mwisho. Ndugu wakasikia njia, wakati yeye alikuwa anazungumzia siku.

Hayo ni maswali mawili, lini na vipi, na majibu yake hayatoki mahali pamoja. Lini hutazama wiki na ukali wa ugonjwa. Mimba ikiwa imefika wiki 37 hakuna cha kusubiri. Ikiwa chini ya 34, na mama na mtoto wametulia, mama hulazwa, presha ikashushwa, akachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na kila siku inayopita salama ni faida. Ndiyo maana utaona mama anahamishwa kutoka kituo cha afya kwenda hospitali kubwa za Moshi, Mawenzi au KCMC, na familia ikaamini anapelekwa kupasuliwa, kumbe kinachotafutwa ni wodi yenye uwezo wa kulea njiti.

Vipi hutazama mambo mengine kabisa: mlango wa kizazi umelainika au bado, mtoto ametanguliza kichwa au makalio, mama ana kovu la operesheni au hana, mapigo ya moyo wa mtoto yanastahimili uchungu au mtoto amechoka. Mama wa wiki 38, mtoto wa pili, mlango laini, huanzishiwa uchungu akazaa kama wenzake. Waholanzi walichapisha mwaka 2009 utafiti wa wanawake 756 wenye presha ya mimba au prieklampsia isiyo kali waliopita wiki 36: waliosubiri walipata madhara zaidi, na walioanzishiwa uchungu hawakuishia kupasuliwa kuwazidi waliosubiri.

Kisu kina nafasi yake na sitakidharau. Wiki 30, mlango umefungwa kama mlango wa benki, presha haishuki, mtoto hakui: hapo kuanzisha uchungu kunaweza kuchukua siku mbili ambazo mama hana. Kondo likianza kuachia huku mtoto yu hai, ni kukimbia. Lakini ugonjwa huu pia hupunguza chembe zinazogandisha damu, na tumbo la mwenye hali hiyo si la kufunguliwa kwa kuwa tu ndugu wana wasiwasi. Na kovu hubaki, likisubiri mimba ijayo.

Hata aliyekwisha kudondoka hakimbizwi moja kwa moja chumba cha upasuaji. Analazwa ubavu, njia ya hewa inalindwa, anachomwa magnesiamu salfeti, presha inashushwa. Dawa hiyo ni ya bei ndogo na imethibitika: utafiti wa Magpie wa mwaka 2002, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba wenye prieklampsia wakipewa mapema, hatari ya kudondoka inapungua kwa zaidi ya nusu. Akishatulia ndipo panaulizwa azaeje, na lengo ni azae ndani ya saa 12. Nimepokea watoto leba ambao mama zao hawakumbuki hata walivyofika hospitali, na hakuna kisu kilichotumika.

Jambo moja zaidi, kwa sababu ya mtori. Huku kwetu mzazi akirudi nyumbani hufungiwa ndani, mama mkwe akampikia mtori na kumchemshia maziwa, hata miezi mitatu. Desturi nzuri, nami nililelewa nayo. Ila mshtuko unaweza kuja baada ya kuzaa, hasa siku mbili za mwanzo, na mara chache hata wiki kadhaa baadaye. Mzazi wa Kibosho au Marangu anayelalamika kichwa, macho kuona ukungu au maumivu ya chembe cha moyo hana uchovu wa kulea. Anahitaji kupimwa presha siku hiyo hiyo.

Dada wa kwenye hiace, nikikukuta tena nitakusogelea taratibu. Nitasema: shikamoo kwa mama mkwe, na waambie watu kwamba wifi yako ana dalili za kifafa cha mimba, hajapata kifafa. Ukiulizwa kama wamempasua, jibu kwamba wanampima mlango asubuhi. Na kabla hujashuka niambie ana wiki ngapi.