Kuzingatia Kiwewe Si Kuwa na Mshauri Nasaha

Siku hizi hukosi kusikia kwenye semina za ustawi wa jamii kwamba kituo fulani "kinazingatia kiwewe". Ukiuliza kwa vipi, unajibiwa: tumeajiri mshauri nasaha. Mambo haya mawili yanachanganywa mno, na anayeumia ni mtoto.

Kiwewe, kwa kifupi, ni jeraha linalobaki akilini na mwilini baada ya tukio lililomzidi mtu nguvu. Huduma inayozingatia kiwewe ni ile inayochukulia kwamba yeyote anayeingia mlangoni huenda amebeba jeraha hilo, hata kama hajasema, na inayojihadhari isilitoneshe.

Mwaka 2001, wanasaikolojia Maxine Harris na Roger Fallot wa Marekani walizitenganisha wazi huduma za kutibu kiwewe na huduma zinazokizingatia. Ya kwanza ni kazi ya mtaalamu aliyesomea. Ya pili inamhusu mlinzi wa getini, karani wa mapokezi, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto kituoni polisi, mwalimu, hadi hakimu. Hakuna anayewataka hao wamtibu mtoto. Wanatakiwa wasimwumize tena.

Fikiria binti wa miaka tisa aliyefanyiwa ukatili. Anamsimulia mwalimu, kisha mwenyekiti wa mtaa, kisha anasimama kaunta ya polisi mbele ya watu wanaosubiri zamu, ndipo apewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, aende hospitali akaanze upya kwa nesi na daktari. Vituo vya Mkono kwa Mkono, kama kile cha Mnazi Mmoja kule Zanzibar, vipo ili kukata mzunguko huo: polisi, tabibu na afisa ustawi wa jamii wakutwe mahali pamoja. Sheria ya Mtoto ya 2009, upande wa Tanzania Bara, nayo inataka Mahakama ya Watoto ikae faragha. Hayo hayaitwi tiba, lakini ndiyo kuzingatia kiwewe kwenyewe.

Hata katika vituo na mahakama hizo, bado yupo atakayemwambia mtoto, "Sema yote, moyo utapoa." Hapana! Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 unaonya tusimshinikize mtu kusimulia yaliyompata. Ushahidi unahitajika, ndiyo. Basi maelezo yachukuliwe na mtu aliyefunzwa, mahali pa siri, bila kumrudisha mtoto mwanzo kila anapokutana na ofisa mpya. Na akicheka katikati ya maelezo, akachanganya Jumatatu na Alhamisi, akakumbuka harufu ya sabuni lakini si saa, asiitwe mwongo. Hofu kubwa huacha kumbukumbu vipande vipande, na kicheko cha mtoto aliyebanwa si furaha. Kesi ngapi zimekufa kaunta kwa sababu mpokeaji hakulijua hili, na mshauri nasaha yupo chumba cha pili anasubiri aletewe mtoto!

Kwa hiyo, wenzangu, mshauri nasaha mliye naye ni hazina, mtunzeni. Mnapojitambulisha, semeni tu kwamba mnatoa ushauri nasaha, na hilo ni jambo jema. Kuzingatia kiwewe kutajeni mkishamfunza na mlinzi wa getini, na mkishaihamisha ile kaunta isitazamane na benchi la wanaosubiri.