Je, wajua dawa ya maumivu hujuaje panapouma?

Jino linauma, unameza kidonge, na baada ya nusu saa hivi maumivu yanaanza kupoa. Kidonge kimejuaje kuwa ni jino, si goti? Hakijui. Kikishayeyuka, dawa huingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima, utosini hadi unyayoni.

Palipoumia, mwili hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, nazo huifanya mishipa ya fahamu iwe nyepesi kuhisi maumivu. Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza John Vane alionyesha kuwa aspirini huzuia kemikali hizo zisitengenezwe, na mwaka 1982 alikuwa miongoni mwa watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Ibuprofeni na diklofenaki hufuata njia hiyohiyo.

Lakini prostaglandini hizohizo ndizo zinazokinga utando wa tumbo dhidi ya asidi na kusaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Dawa haichagui. Anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya mgongo anaweza kuvuja damu tumboni, na huenda dalili ya kwanza ikawa choo cheusi kama lami. Mzee, mjamzito, mwenye ugonjwa wa figo na aliyeishiwa maji mwilini kwa kuhara wasitumie dawa hizi tatu kabla ya kuuliza daktari.

Parasetamoli hailisumbui sana tumbo. Mzigo wake huubeba ini. Ini linapoichakata, sehemu ndogo hugeuka sumu, lakini sumu hiyo huzimwa papo hapo kwa akiba ya glutathioni, kemikali inayolikinga ini. Dozi ikizidi, akiba hukauka na sumu hulishambulia ini lenyewe. Kinachonitisha mimi ni ule ukimya wake: siku nzima ya kwanza mtu anaweza kujiona mzima kabisa. Asetilisisteini, dawa ya kuliokoa ini, hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 tangu mtu azidishe dozi. Aliyezidisha akimbizwe hospitali hata kama anatembea na kucheka.

Kwa mtu mzima mwenye afya, mwisho ni miligramu 4,000 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake. Wengi huzidisha bila kujua: vidonge viwili vya kichwa, kisha dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli ndani yake. Geuza pakiti usome maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa. Ukikuta parasetamoli, ambayo Marekani huitwa asetaminofeni, kwenye pakiti zote mbili, tumia dawa moja tu kati ya hizo.