Je, wajua kwa nini gobore lilidumu Unyamwezi wakati Ulaya walishalitupa?

Ukikaa na wazee wa Urambo, Sikonge au huku Kasulu, stori za zamani za uwindaji na vita lazima gobore litajwe, na vijana wengi wanajua tu kwamba ni bunduki ya kushindilia, basi. Swali ambalo watu hawajiulizi ni hili: mwaka 1890 Ulaya walikuwa na bunduki za kupiga risasi mfululizo, sasa kwa nini huku kwetu mtu aliendelea kubeba kitu cha kujazwa baruti mdomoni, tena miaka mingi sana baadaye? Jibu la haraka watu wanasema "umaskini" au "ushamba". Mi nakataa kabisa, na nitaeleza.

Kwanza tuelewe lenyewe linafanyaje kazi. Mtutu wa gobore umezibwa nyuma, hakuna pa kufungulia, kwa hiyo kila kitu kinaingilia mbele. Inaanza baruti, halafu risasi ya duara au marisau (vile vipunje vidogo vya risasi) pamoja na kitambaa au nyuzi za kuzuia visimwagike, kisha unachukua mdeki, ile fimbo ndefu inayokaa chini ya mtutu, unashindilia mpaka vyote vikae chini kabisa. Pembeni kwenye mtambo kuna kisahani kidogo cha baruti laini. Ukivuta kifyatulio, nyundo iliyobana jiwe la gumegume inagonga chuma, cheche zinaangukia kwenye kisahani, moto unapita kwenye tundu dogo kama la sindano unaingia ndani, ndo mlio unatoka. Ukiwa karibu unasikia kabisa vitu viwili, mwako wa kisahani kwanza halafu ndo kishindo chenyewe, na hapo katikati mnyama mwenye masikio mazuri ameshashtuka.

Hilo la kushtua wanyama ndo lilimsumbua mchungaji mmoja wa kanisa kule Scotland, Alexander Forsyth, alikuwa mpenzi wa kuwinda ndege na ndege walikuwa wanaona mwako wanakimbia. Mwaka 1807 akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya ugunduzi wake, ya mtambo unaotumia kemikali inayolipuka ikigongwa, na kutoka kwenye wazo lake watu wengine wakaja kutengeneza fataki, kile kikofia kidogo cha shaba kinachovikwa nyuma ya mtutu. Fataki ikaondoa shida ya mvua pia, maana gumegume na masika haviendani, baruti ya kwenye kisahani ikilowa umebaki na rungu tu mkononi.

Na ule moshi? Baruti nyeusi ni mkaa, salfa na shura (aina ya chumvi inayosaidia moto kuwaka), na ikiungua zaidi ya nusu yake haigeuki kuwa gesi, inabaki chembe chembe ngumu. Nyingine zinatoka kama wingu jeupe linalokuziba macho, nyingine zinaganda ndani ya mtutu kama masizi ya sufuria, na zinavuta unyevu halafu chuma kinaliwa. Ndo maana gobore linaoshwa kwa maji ya moto kila baada ya kutumika, asiyeosha anaua bunduki yake mwenyewe.

Haya, sasa Ulaya kilitokea nini. Mwaka 1866 Waprusia, dola la Wajerumani wa kaskazini, walipigana na Waaustria. Mprusia alikuwa na bunduki ya kujazia nyuma, anajaza akiwa amelala chini, Mwaustria ilibidi asimame wima ashindilie. Matokeo kila mtu aliyaona, na majeshi yote yakaanza kubadilisha haraka haraka, Waingereza mwaka huo huo wakachukua bunduki zao za Enfield za kushindilia wakazikata nyuma wakaziwekea mlango wakaziita Snider. Ghafla kukawa na bunduki za kushindilia mamia ya maelfu hazina mwenyewe. Zikauzwa bei ya kutupa, na pamoja na zile za biashara zilizotengenezwa Birmingham, Uingereza, na Liège, Ubelgiji, zikashuka Zanzibar, zikavuka Bagamoyo, zikapanda na misafara hadi Tabora na Ujiji. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza Zanzibar, alikadiria bunduki zinazoingia Afrika Mashariki kwa mwaka ni kati ya 80,000 na 100,000. Waliozisafirisha ni wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi wenyewe, kwa hiyo usidhani zilikuwa kitu cha kigeni kwao, walizijua uzito wake na bei yake kuliko mtu yeyote.

Mtemi Mirambo wa Unyamwezi alielewa hili mapema. Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora walimwendea vitani, mwandishi wa habari Stanley, aliyekuwa anamtafuta Livingstone, naye akiwa upande wao, wakaupiga mji wa Wilyankuru, na wakati wanarudi wamejibebea mali Mirambo akawavizia njiani na rugaruga, wapiganaji wake, akawasambaratisha vibaya sana. Stanley ilibidi azunguke njia ya kusini ndo akafika Ujiji kwa Livingstone. Silaha za rugaruga zilikuwa hayo hayo magobore pamoja na mikuki. Kwenye kuvizia, gobore halina aibu: linapigwa mara moja, karibu, wote pamoja, kisha mkuki unamaliza. Kasoro yake kubwa, yaani kujaza polepole, haikuhesabika pale.

Sasa ndo kiini cha jibu langu. Bunduki ya kujazia nyuma inakula risasi za ganda la shaba, na ganda hilo linatoka kiwandani, likiisha huna kitu. Gobore linakula chochote: risasi ya kuyeyushwa mwenyewe, vipande vya chuma, na baruti ya kwenye pipa ambayo msafara wowote unaweza kukuuzia. Nyundo ikivunjika mhunzi wa kijijini anafua nyingine, kitako kikipasuka anachonga kingine kwa mti wa hapo hapo porini. Mtu aliyeko miezi kadhaa ya kutembea kutoka pwani alichagua silaha anayoweza kuilisha na kuitibu bila kumpigia mtu magoti. Hiyo ni akili, wala sio ushamba.

Halafu likaja jambo ambalo shuleni halisemwi sana. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, kwenye mkataba wa kupinga biashara ya watumwa, wakaweka vifungu vya silaha: kuanzia nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini mwa ikweta, bunduki za kisasa marufuku kuuziwa watu kiholela, kinachoruhusiwa ni gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu na baruti ya kawaida. Tabora ipo kama nyuzi 5 kusini, katikati kabisa ya eneo hilo. Yaani tuliachiwa gobore kwa mkataba, huku wao wanakuja na mizinga. Januari 1893 Wajerumani walipovunja ngome ya mtemi Isike hapo Tabora, yeye alijilipua kwenye ghala lake la baruti asikamatwe. Kila nikilisoma hilo naumia.

Hiyo mifereji iliyotajwa nayo ina maana yake. Mtutu laini ndani unarusha risasi inayumba, mbali kidogo tu huna uhakika. Ukichongwa mifereji ya kuzunguka risasi inatoka inajizungusha na inanyooka, ila inabidi ikae kwa kubana, kwa hiyo kushindilia ni kazi mpaka Mfaransa Minié alipoleta mwaka 1849 risasi ndogo kidogo kuliko mtutu, ambayo kitako chake kinatanuka ikipigwa. Marekani mpaka leo kuna watu wanaotengeneza bunduki hizi za mifereji kwa mkono, kitako cha mti wa maple chenye mawimbi mazuri, mapambo ya shaba, urefu unapimwa kwa mkono wa mwenye bunduki, na chama chao kipo tangu 1933. Ni sanaa na ni halali kwao.

Huku kwetu ni habari nyingine, kutengeneza au kumiliki bila kibali ni kosa, na yale ya kuunga kwa bomba la maji yamekata watu vidole na kutoboa macho kwa sababu bomba halikutengenezwa kubeba mlipuko. Wanaotaka kuona historia ya enzi hizo waende Kwihara, karibu na Tabora, kwenye tembe la Livingstone.

Na kama babu aliacha gobore darini, tafadhali usilichezee. Bunduki ya hivi huwezi kuijua kwa macho kama ina kitu ndani, na baruti ikiwa kavu inakaa miaka na miaka bado inalipuka. Wataalamu wanapima kwa mdeki, wakiona umeingia mfupi kuliko urefu wa mtutu basi kuna mzigo umelala mle chini. Wewe usipime, usilipashe moto, usiingize msumari kwenye kile kitundu, wahamishe watoto, mwite mwenyekiti wa mtaa au kijiji awaite polisi waje walichukue hapo hapo lilipo.