Koni ya Msonobari Si Tunda

Kila Desemba, wengi wanaopamba nyumba na makanisa mjini Kampala kwa koni za msonobari huziita matunda, na kosa hilo linaeleweka, kwa kuwa huning'inia matawini na hubeba mbegu. Hata hivyo, tunda hutokana na ovari ya ua, yaani sehemu inayofunika mbegu changa, ilhali msonobari hauchanui maua wala hauna ovari. Mbegu zake hukua wazi, mbili mbili juu ya kila gamba la koni ya kike, baada ya kupata chavua inayopeperushwa na upepo kutoka kwenye koni ndogo za kiume, ambazo hakuna anayezitundika.

Koni iliyoanguka katika mashamba yetu ya msonobari wa Karibi imekufa, lakini bado husogea, jambo ambalo mimi huliona la ajabu kuliko pambo lolote: upande wa nje wa kila gamba huvimba kwa maji kuliko wa ndani, hivyo koni hujifunga kwenye unyevu na kufunguka ikikauka. Pambo lililojifunga, basi, halijaoza.

Nao mtarakwa, mti mwingine wa koni, wa Mlima Moroto kaskazini-mashariki mwa Uganda, huzaa vitu vya mviringo vinavyofanana kabisa na matunda. Hivyo ni koni, ambazo magamba yake yamenenepa na kuungana.